Kaniki ya Mshika Kamba

Koplo Mihayo alipofika Machimbo ya Mbiti, alishangaa kwamba hakusikia gari la maksai.

Alikuwa amelisubiri njia nzima. Tangu alfajiri alikuwa juu ya baiskeli, akitokea Bugarama, na kila alipoteremka kusukuma kwenye mchanga alitega sikio. Kishapu alikokulia, gari la maksai lilisikika nusu saa kabla halijaonekana. Baba yake alikuwa akiongoza gari la pamba, na mama yake alibandika maji ya ugali kwa kufuata mlio wa magurudumu. Gari lilipofika uani, ugali ulikuwa mezani. Hakuna aliyehitaji saa.

Hapa Mbiti gari lilikuwepo, lakini limesimama kando ya ghala, nira zimelazwa chini.

"Karibu, Koplo," alisema Bartholomeo, nyapara wa machimbo, mtu mnene mwenye kofia ya kaki. "Muuaji yuko stoo ya sururu. Nimemfungia mwenyewe."

"Nimekuja kuchunguza kwanza. Mbona gari limesimama?"

"Nani atashika kamba? Donatus alishika, amekufa. Eustace akashika, amekufa. Sasa Marcel yuko kibandani, anakufa. Wewe ungeshika?"

Mihayo alifungua daftari lake na kurudia yale aliyosomewa kituoni Shinyanga.

Tangu mwezi wa saba mwaka uliopita, mwaka hamsini na moja, gari hili lilikuwa likileta matimba, yale magogo ya kuzuia kuta za mashimo zisianguke, kutoka msitu wa magharibi. Kikosi cha gari kilikuwa na watu kumi na wanne. Mmoja wao alikuwa mshika kamba: alitembea mbele ya jozi ya kwanza ya maksai, akiwaongoza kwa kamba ya ngozi. Washika kamba wawili walikuwa wamekwisha kufa, na wa tatu alikuwa akifuata njia hiyo hiyo. Ilianza homa. Ikaja kulala mchana na kupiga kelele usiku. Mwisho mtu hakumtambua hata ndugu yake.

Na jambo moja tu liliwatenga na wenzao. Watu kumi na watatu walikula sinia moja. Mshika kamba alikula kwenye bakuli lake peke yake, na aliyempelekea bakuli hilo alikuwa mpishi, mwanamke wa Kikurya aitwaye Bhoke.

Leo ilikuwa Jumatano. Jumamosi asubuhi lori la polisi lingepita njia panda, kwenye kizuizi cha kukagua mbung'o, kumchukua Bhoke hadi Mwanza. Shtaka lilikwisha andikwa, likisubiri sahihi ya Mihayo tu. Kwa shtaka la namna hiyo, mtu hurudi huru au harudi kabisa.

"Nifungulie stoo," alisema.

Bhoke alikuwa ameketi juu ya gunia, mikono mapajani. Alikuwa na umri kama wa miaka arobaini na mitano.

"Shikamoo, mama."

Mlangoni Bartholomeo alikohoa kwa mshangao. Bhoke aliinua macho.

"Marahaba. Wewe ni wa kwanza kuniamkia tangu Jumapili."

"Bakuli hili ni lako?" Mihayo alinyanyua kielelezo alichokabidhiwa na nyapara: bakuli la bati, jeupe, lenye ukingo mwekundu uliobanduka.

"Langu. Nilitoka nalo kwetu Tarime."

"Kwa nini mshika kamba ale peke yake?"

"Hawezi kuwaacha maksai. Mchana wenzake wanakuja kula uwanjani, penye moto. Yeye anabaki na maksai kijitoni, kwenye kivuli, kamba mkononi. Akiiachia, maksai wanaingia porini. Kwa hiyo chakula kinamfuata yeye."

"Na wewe ndiye unakipeleka."

"Mimi. Na mabaki nayala mimi. Marcel anabakiza matonge mawili kila siku. Nikimwambia amalize, ananijibu, 'Mama, unadhani sioni sufuria yako inavyorudi tupu?'"

"Nani alikuona ukiyala?"

"Nani humtazama mpishi akila?"

Mihayo aliandika. "Donatus alikutukana mbele ya watu."

"Alisema ugali wangu una udongo. Nikamwambia kichwa chake kina pumba. Jioni ile ile alikuja kunipasulia kuni. Umeandika na hilo la kuni?"

Mihayo aliandika na hilo la kuni.

"Walipoanza kuugua, uliwapa dawa yoyote?"

"Dawa gani? Niliwakanda tu jipu kwa maji ya moto."

Kalamu ilisimama. "Jipu lipi?"

"Kila mmoja alikuwa nalo. Gumu, jekundu, halitoi usaha. Donatus begani. Eustace chini ya shingo. Marcel hapa, kwenye bapa la bega."

"Kabla ya homa au baadaye?"

"Kabla. Wiki moja, mbili hivi."

"Umemsikia?" Bartholomeo aliingilia. "Aliwapaka kitu mgongoni! Amekiri mwenyewe!"

"Alikanda jipu lililokwisha kutoka, nyapara. Anayezima moto si lazima awe ndiye aliyeuwasha." Mihayo alifunga daftari. "Nionyeshe mgonjwa."

Marcel alikuwa amelala ubavu juu ya mkeka, tonge la ugali mkononi. Alikuwa amelala akiwa katikati ya kula. Hakuwa amepita miaka ishirini na mitano. Mihayo alipiga goti, akampapasa nyuma ya shingo. Chini ya ngozi vidole vilikuta vivimbe vidogo vinavyoteleza, kama maharage mabichi. Kwenye bapa la bega palikuwa na kovu jeusi la mviringo.

Marcel alifumbua macho. "Nani amemshika Mabala?" aliuliza.

"Mabala ni nani?"

"Maksai wa mbele," alisema Bartholomeo. "Huuliza hivyo tu. Hata mama yake mzazi hajamuulizia."

"Mabala yuko salama," Mihayo alimwambia mgonjwa. Marcel akafumba macho tena, na tonge likamwanguka.

Nje, Bartholomeo alimvuta Mihayo hadi kwenye kigogo alipofungwa punda wa maji. "Na hili utaeleza nini? Yule mwanamke alijaribia kwa punda kwanza. Alimrushia unga wa sumu machoni."

Macho ya punda yalikuwa na ukungu mweupe wenye rangi ya samawati, kama maji yaliyosuuzia kibuyu cha maziwa. Tumbo lake lilikuwa limevimba kwa chini. Mihayo aliinua kope moja, kisha nyingine. Hazikuwa na kidonda wala mkwaruzo.

"Unga ungechoma kope kwanza. Kope ni nzima. Punda huyu anafungwa wapi safarini?"

"Nyuma ya gari. Likisimama anafungwa kijitoni pamoja na maksai."

"Anakula ugali wa Bhoke?"

Bartholomeo alicheka bila kutaka. "Punda ale ugali?"

"Basi bakuli halikumfikia. Na bado anaumwa." Mihayo alipangusa mikono. "Nyapara, hapa hamjawahi kuwaza malale?"

"Tumewaza, Koplo. Sisi si wajinga. Malale ni ya warina asali, wanaolala msituni. Hapa tumefyeka, mbung'o hayupo. Ukisema basi wanaipata njiani, nami nakuuliza: watu kumi na wanne wanapita njia moja, siku moja. Mbona anakufa mmoja tu? Na mbona akifa huyo, anafuata yule aliyeshika kamba yake? Mbung'o anajua kusoma orodha ya kazi?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote aliyoulizwa wiki ile. Mihayo aliliandika daftarini.

Mwenye maksai, Mzee Ngassa, alikuwa zizini akiwasugua kwa majani makavu. Maksai walikuwa wanane, mbavu zikihesabika, manyoya yamesimama.

"Mwangaluka, baba. Shikamoo," Mihayo alimsalimia kwa Kisukuma.

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Unasema kama mtu wa Kishapu."

"Nimezaliwa huko. Baba yangu aliongoza gari la pamba. Mihayo wa Mwamashele."

Mzee aliacha kusugua. "Mwamashele! Lenye magurudumu mekundu? Lile gari lilikuwa linalia kama harusi! Tulikuwa tunapishana naye mtoni. Yeye akisimama, mimi nasimama, tunapeana tumbaku, maksai wanakunywa. Siku hizo hakuna aliyekuwa na haraka. Sasa lori linakupita, linakuachia vumbi, hata salamu huipati." Akamgusa Mihayo mkono. "Bado lipo?"

"Ekseli ilivunjika mwaka arobaini na sita. Magurudumu mama aliyaegemeza ukutani. Kuku wanataga hapo."

Walicheka kidogo.

"Wewe mwenyewe huumwi, baba?"

"Mimi natembea nyuma, na mjeledi wangu na kiko changu. Moshi hauishi mdomoni. Maksai ndio wamekonda. Nadhani nyasi za huku haziwapendi."

Walikwenda pamoja kwenye gari, Mihayo akapanda, akaandika kila alichokiona, kama alivyofundishwa kwenye chuo cha polisi: nira nne, mjeledi mmoja, kopo la mafuta ya ekseli, minyororo miwili, kamba ya ngozi, kaniki moja iliyochakaa.

"Kaniki hii ya nani?"

"Ya kazi. Anayeshika kamba ndiye anaivaa."

"Kwa sababu gani?"

Mzee Ngassa aliipokea, akaikunjua taratibu. Ilikuwa nguo nyeusi iliyooshwa mpaka ikaanza kung'aa.

"Hawa niliwapata wakiwa ndama. Mke wangu, Limi, ndiye aliwalea. Kila asubuhi aliwapelekea pumba, amejifunga kaniki hii. Waliizoea kuliko mama zao. Tulipowafunga nira mara ya kwanza, yeye alitangulia mbele nao wakamfuata, bila hata mjeledi. Watu walikuja kutazama. Alipofariki, walisimama siku tatu, hawataki kwenda. Siku ya nne nikajifunga kaniki yake mimi, nikatangulia. Wakanyanyua miguu." Aliikunja tena. "Tangu hapo, mtu yeyote akiivaa wanakwenda. Asipoivaa, hata umchape Mabala mpaka jua lizame, ng'o."

"Huko Kishapu ni nani alikuwa akiivaa?"

"Mimi. Miaka mitano. Sijaumwa hata kichwa. Tulipokuja huku miguu ikaanza kunisumbua, nikaajiri kijana."

Mihayo aliandika yote, akapiga mstari chini ya maneno mawili: *Kishapu, hakuumwa*. Huko vichaka vilifyekwa zamani, na mbung'o hajulikani. Huku msituni alikuwepo. Lakini swali la nyapara lilibaki pale pale. Kwa nini mmoja?

Alipanda baiskeli kwenda kuuliza wanaomjua mbung'o.

Kizuizi cha mbung'o kilikuwa njia panda, maili tisa kutoka Mbiti, mahali ambapo msitu uliishia na ardhi iliyofyekwa kuanzia. Mkuu wake, Theonest, Mhaya mrefu mwenye suruali fupi iliyopigwa pasi, hakuwepo kibandani. Mihayo alimfuata porini kwa kufuata sauti yake. Alipomwona alisimama.

Wafanyakazi wawili walikuwa wakitembea polepole kwenye njia ya wanyama, wamebeba kitambaa kilichotandazwa kati ya fito mbili. Theonest alifuata nyuma na wavu mdogo. Kila hatua kadhaa walisimama, naye akanasa wadudu waliotua.

Kitambaa kilikuwa cheusi.

"Kwa nini nyeusi?" Mihayo aliuliza, hata salamu akaisahau.

"Na wewe hujambo," alisema Theonest. "Mbung'o haoni sura ya mtu, bwana. Anaona kitu cheusi kikubwa kinachotembea, anadhani ni mnyama. Nguo nyeupe hata haiangalii. Tungebeba shuka la kitandani, tungerudi na wavu mtupu."

"Na mtu aliyevaa kaniki, akitembea mbele ya maksai wanane?"

"Huyo atakuwa amewaita kwa tarumbeta."

"Kisha mchana akae nao kijitoni, kivulini, wakati wenzake wako uwanjani kwenye moshi?"

Theonest alishusha wavu. "Mtu huyo yuko wapi?"

"Wawili wako kaburini. Wa tatu leo alilala na tonge mkononi. Na wanataka kumnyonga aliyempikia."

"Maksai wanatoka wapi hao? Kizuizini hapa hawajapita."

"Wanatumia njia ya msituni. Matimba hayaji huku."

Theonest alirudi kibandani, akatoka na sanduku la mbao lenye mpini wa shaba, akalifunga kwa blanketi kama mtoto mchanga. "Hii ni darubini ya serikali," alisema. "Utakwenda polepole kwenye mashimo. Ikivunjika, tutanyongwa wote."

Alhamisi saa sita mchana, kabla darubini haijafunguliwa, Mihayo alifanya jaribio lake. Maksai walipelekwa kijitoni kama siku za kazi. Aliitundika kaniki kwenye ufito mbele ya Mabala, akaanza kuutikisa taratibu, huku mwenyewe amevaa shati jeupe. Bartholomeo aliamriwa ahesabu.

"Mmoja," alisema nyapara. "Wawili. Watatu, wanne... Mungu wangu." Alifika kumi na saba kwenye kaniki. Kwenye shati la Mihayo walitua wawili.

"Uwanjani, penye moto?"

Walikwenda uwanjani, wakakaa muda ule ule. Hakutua hata mmoja.

Kisha Theonest aliweka darubini kwenye meza ya nyapara, karibu na dirisha. Alichukua tone la damu kwenye kidole cha Marcel, kwenye kidole cha Bhoke na cha Mzee Ngassa. Alichukua lingine kwenye sikio la punda, na jingine kwenye sikio la Mabala. Kila kioo alikitia alama kwa penseli.

Alitazama muda mrefu. Nje, watu wa kikosi walikuwa wamejazana dirishani hata mwanga ukapungua, na ilibidi Mihayo awafukuze.

"Njoo, nyapara," alisema Theonest. "Funga jicho moja. Unaona nini?"

"Vidoa vingi. Vimetulia." Akasogeza jicho karibu zaidi. "Hapana. Kuna kitu kinavisukuma. Kinajinyonganyonga, kama mkia wa mjusi uliokatika."

"Hiyo ni damu ya Marcel. Ndiyo malale yenyewe. Tazama hii sasa."

"Ni kitu kile kile."

"Hiyo ni ya punda."

Bartholomeo aliinua kichwa, akamtazama Mihayo, akainama tena bila kuambiwa. "Na hii?"

"Mabala. Angalia vizuri, kwake ni wachache. Maksai anaweza kutembea na wadudu hawa miezi na miezi asianguke. Anakonda tu. Mbung'o anakunywa kwake, anamalizia kwa anayemshika kamba. Punda akiumwa, macho ndiyo hayo. Mtu hupata jipu pale alipoumwa, kisha homa, kisha kichwa."

"Na ya mpishi?"

"Safi. Ya mzee pia safi."

Mihayo aliweka bakuli la bati mezani. "Swali lako, nyapara, nililibeba maili kumi na nane. Mbung'o hasomi orodha ya kazi. Nyinyi mlimwandikia kwa nguo. Kila aliyekufa, kaniki ilivuliwa mwilini mwake, ikavalishwa mwingine."

Bartholomeo alivua kofia. Alitoa ufunguo mfukoni, akasimama nao mlangoni. "Watu watanicheka."

"Afadhali wakucheke."

Alikwenda mwenyewe kufungua stoo. Mihayo alimsikia akisema kwa sauti ndogo, "Mama Bhoke, nisamehe, nilikuwa na hofu," na Bhoke akimjibu, "Hofu yako ilikuwa na kufuli kubwa sana, nyapara." Kisha akauliza, "Marcel amekula?"

Hakuna aliyejua. Alilichukua bakuli lake mezani bila kuomba ruhusa, na Mihayo alikikata kielelezo hicho kwenye orodha.

Mzee Ngassa alikuwa amebaki peke yake dirishani, kaniki mikononi.

"Ng'wanone," alisema, "hawa vijana niliwavika mimi. Kwa mikono yangu hii. Nilikuwa nawafunga fundo mwenyewe, begani, kama alivyokuwa akifunga Limi."

"Hukujua, baba."

"Sikujua. Sasa najua."

Theonest alikuwa akifungasha darubini. "Marcel anataka sindano za hospitali, na upesi. Bado anamtaja maksai wake kwa jina, maana yake akili bado ipo. Wiki mbili zijazo sijui. Na maksai na punda wote lazima wavuke kizuizi waende ardhi iliyofyekwa, wachomwe dawa, wafungiwe. Huku wasikae."

"Lori la polisi litakuwa njia panda Jumamosi," alisema Mihayo. "Marcel hawezi kutembea maili tisa."

Wote waliligeukia gari.

"Hawatakwenda bila nguo," alisema Mzee Ngassa.

"Mbung'o huamka saa ngapi?" Mihayo aliuliza.

"Mwezi huu wa sita, kukiwa na baridi, haruki," alisema Theonest. "Mpaka jua lipate nguvu. Saa tatu hivi."

"Basi tutaondoka saa tisa za usiku."

Jumamosi, kungali giza, walimlaza Marcel garini juu ya majani makavu. Bhoke alikaa kichwani kwake, bakuli mapajani, limefunikwa kwa kitambaa. Punda alifungwa nyuma. Theonest alishika mjeledi asioujua, akawa anauogopa kuliko maksai walivyouogopa. Bartholomeo na kikosi kizima walisimama kando ya njia.

Mzee Ngassa alijifunga kaniki, fundo begani. "Leo sitamvika mtu," alisema. Akatangulia.

Mabala aliinua mguu. Nira zikakaza, na gari likalia.

Mihayo alilisikia likianza kwa chini, likapanda, likashika wimbo wake ule ule. Alikata tawi lenye majani, akaacha baiskeli yake garini, akatembea nyuma ya mzee hatua moja. Maili tisa zote alimpepea mgongo. Kulikuwa na baridi, na hakutua hata mdudu mmoja, lakini hakuacha kupepea.

"Baba yako alikuwa akivaa nini mbele ya gari?" mzee aliuliza bila kugeuka.

"Shati jeupe. Mama alilifua kila Jumamosi."

"Ndiyo. Namkumbuka. Aliangaza kwa mbali."

Walifika njia panda saa mbili na robo. Lori lilikwisha fika, na askari wawili walikuwa wakiota jua kwenye ubao wake wa nyuma.

"Mfungwa yuko wapi, Koplo?" mmoja aliuliza, pingu mkononi.

"Hakuna mfungwa. Kuna mgonjwa. Mshikeni kichwa vizuri."

Walimpakia. Bhoke alipanda nyuma yake bila kuambiwa.

"Mama, wewe umeachiliwa," alisema askari. "Unaweza kurudi zako."

"Nimesikia. Hospitali kuna mtu wa kumlisha tonge moja moja? Basi washa gari."

Lori lilipoanza kwenda, Marcel aliinua kichwa. "Nani amemshika Mabala?"

"Mwenyewe!" Mzee Ngassa alipaza sauti. "Kula, mwanangu! Mwenyewe ninaye!"

Vumbi lilipotulia, mzee alifungua fundo. Alivua kaniki, akaikunja mara nne, kingo zikalingana, akampa Mihayo.

"Iandike kwenye daftari lako."

"Nikishaiandika haitarudi, baba. Itakwenda Shinyanga na faili."

"Ndiyo maana nakupa wewe. Mimi nikibaki nayo, siku moja nitamvika mtu."

Mihayo aliandika: *Kaniki moja. Mali ya marehemu Limi, mke wa Ngassa.* Aliteremsha baiskeli garini, akaifunga nguo kwenye kiti cha nyuma, akawaaga, akapanda. Zizi la Theonest lilikuwa mbele kidogo, upande wa kushoto, lango wazi. Njia ya Shinyanga ilinyooka kulia kwake, nyeupe kwenye nyasi za kiangazi.

Hakufika mbali. Nyuma yake gari lililia.

Aligeuka. Hakuna aliyekuwa ameshika kamba, ilikuwa ikiburuzika mchangani. Mzee Ngassa alikuwa amekaa chini, mgongo ameugeuzia njia. Maksai wanane, gari tupu na punda asiyeona walikuwa wakimfuata Mihayo, taratibu, Mabala mbele, macho yake kwenye kile kifurushi cheusi.

Mihayo alishuka kwenye baiskeli. Aliigeuza kuelekea zizini, akaanza kuisukuma akitembea kwa miguu, hatua ndogo ndogo, ili wasichoke.